Sebule Yapanda Lak Liech

Jumatatu, 15 Januari 1996. Migori

Chai ya rangi, mkate wa jana. Barua ya nne kwa mhariri mwaka huu, na Januari ndiyo kwanza imefika nusu. Nimemvaa diwani wa kule nyumbani kuhusu barabara ya Got Rateng'. Alisema barazani kwamba hakuna gari litakalopanda kilima kile hata siku moja, kwa hiyo barabara ni ya nini. Nimemjibu kwamba huyo ni mtu anayekataa kuchimba kisima kwa sababu mahali penyewe hapana maji. Sentensi nzuri. Nikaisoma kwa sauti, mara mbili.

Mama alikuwa kwenye kochi, mkongojo mapajani. Aliuliza barua hiyo itampandisha lini.

Kifurushi chake bado kiko mlangoni, kimefungwa vilevile kama kilivyokuja Septemba.

Jumatano, 17 Januari

Mdogo wangu Okoth amekuja kutoka nyumbani. Yeye alibaki kilimani na ng'ombe. Mimi nilishuka na vitabu. Hatujawahi kukaa saa moja bila kuzozana, na leo haikufika saa.

Hoja yake ni hii. Mama alivunjika nyonga, tukamteremsha kwa kitanda, daktari akamfunga, na sasa anajikokota hatua kumi au ishirini. Kilima hawezi. Mvua inakuja Machi. Mama ndiye mke wa kwanza wa boma letu, na mbegu ya kwanza shambani ni yake. Kabla yake, mke wa Okoth hawezi kutoboa shimo moja. Mama akibaki kwangu, watoto wa Okoth watakula nini mwaka huu?

Niliwahi kuandika makala nzima kupinga desturi hiyo. Ilichapishwa. Mama alisomewa mpaka mwisho, akashukuru, kisha akafungia samaki wake wa omena gazeti lile.

Okoth ana wanaume wanane. Watambeba kwa kitanda, kama walivyomteremsha. Mama amekataa katakata. Anayeteremshwa kwa kitanda ni mgonjwa, anasema. Anayepandishwa Got Rateng' kwa kitanda ni maiti, na yeye amewaona wote, mumewe akiwemo. Atapanda akiwa hai au hatapanda.

Okoth alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi. Mimi! Ni kinyume chake kabisa.

Jumamosi, 20 Januari

Nimetoka kilimani. Nilikwenda na futi ya fundi cherehani, daftari na penseli. Nilipima kila jiwe baya kuanzia chini mpaka getini. Mawe mengi yanafika chini ya goti. Tatizo ni Lak Liech, pembe ya ndovu: jiwe jeusi linalokatiza njia, urefu wake mpaka katikati ya paja langu, na juu yake jingine la namna hiyohiyo. Upande wa kulia kuna mwanya. Upande wa kushoto kuna mteremko wenye kokoto.

Nilikaa pale saa nzima. Nimepita juu ya jiwe hilo tangu utotoni na sikuwahi kuliangalia. Gurudumu linapandaje kitu kirefu kuliko nusu yake? Lazima kuna jibu. Watu hufanya hivi mahali fulani. Nimeona picha katika jarida la zamani, gari limeegemea mwamba kama mjusi. Sikuelewa picha ile hata kidogo, na hilo limeniudhi siku nzima.

Ninalo gari. Station wagon kubwa ya dizeli, silinda sita, magurudumu yote manne yanaweza kuvuta. Mke wangu analiita Sebule kwa sababu linabeba watu wanane na hakuna anayemgusa mwenzake.

Alhamisi, 25 Januari

Mke wangu amenisikiliza mpaka mwisho. Hii ni dalili mbaya.

"Baba Akinyi," akasema, "umegombana na serikali, na kanisa, na bodi ya shule mpaka wakakufukuza. Sasa umehamia kwa mawe?"

Akaniuliza kwenye harusi za watu tutakwenda na nini. Nikamwambia huenda tusialikwe. Hakucheka. Kisha akamtazama Mama, akatazama kifurushi mlangoni, akaingia jikoni. Nimechukua hiyo kuwa ndiyo.

Jumapili, 28 Januari. Masara

Fundi nimempata. Jina lake Chacha, Mkuria, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Anatengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu hapa Masara, na kabla ya hapo aliendesha trekta lililokuwa likitoa mawe mashimoni. Anaongea kidogo. Tunaelewana kwa Kiswahili: changu cha darasani, chake cha machimboni.

Alizunguka gari mara mbili, akalala chini yake dakika ishirini. Alipotoka alisema, "Mwalimu, hii gari ni nzuri sana. Tukate."

Tumekata. Madigadi ya mbele na nyuma, ili matairi makubwa yapate nafasi. Vibao vya kupandia vimeng'olewa. Bampa imefupishwa pembeni. Ekzosi imeinuliwa. Viti vya nyuma vimetoka. Mke wangu amekuja kuvichukua kwa mkokoteni. Kando ya kiti cha dereva kimebaki kiti kimoja tu, cha Mama.

Nilidhani nitaumia kuona msumeno ukipita kwenye bodi. Sikuumia. Nilitaka tu kuona ndani kuna nini.

Jumapili, 4 Februari

Nimebishana na Chacha na nimeshinda.

Springi za gari hili ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mimi nasema: jiwe ni refu, kwa hiyo gari liwe refu. Tuongeze bapa, kama wanavyofanya watu wa pikapu zinazobeba samaki kutoka Kendu Bay. Zile huwa zimesimama kama bata mzinga. Chacha anasema hapana, anasema tupunguze. Kupunguza! Nilimwuliza ni lini mtu alivuka mto kwa kujifupisha miguu. Nikamchorea. Nikamtajia uzito, mwinuko, pembe. Nilisema kwa nusu saa bila kurudia neno.

Akafuta mikono. "Sawa, Mwalimu. Gari ni yako."

Bapa nne zaidi kila springi. Sebule sasa imesimama juu, inaogofya. Nimeizunguka kama bwana harusi.

Jumamosi, 10 Februari

Aibu.

Tulijaribu kwenye lundo la mawe yaliyotupwa nyuma ya mashimo. Wachimbaji wote waliacha kazi kuangalia. Gia ndogo, magurudumu manne yote. Nilipanda jiwe la kwanza kwa gurudumu la kushoto mbele. Papo hapo la kulia nyuma likainuka, likaning'inia hewani. Nikakanyaga mafuta. Gurudumu lile likazunguka peke yake kama feni. Gari halikusogea hata inchi.

"Mwalimu," mmoja akapaza sauti, "mbwa yako inatafuta nguzo?"

"Mwache amalize kukojoa," akajibu mwingine.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi niliyewahi kumnyamazisha mkaguzi wa shule mbele ya wazazi mia mbili, nikazima injini. Gari kweli lilikuwa limeinua mguu.

Jumapili, 11 Februari

Sikutoka nyumbani. Mama aliniuliza kama gari limepona. Nikasema bado.

Nilikosea. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma.

Jumanne, 13 Februari. Masara

Nimerudi. Chacha alianza kazi kama vile Jumamosi haikuwapo. Angekuwa mimi, angeisema kwa juma zima.

Alinionyesha kwa jeki. Aliinua gurudumu moja juu ya pipa, akaniambia nitazame mengine matatu. Springi zangu ngumu zilikataa kupinda, kwa hiyo gari zima liliinuka pamoja na gurudumu. Kisha tukaanza kutoa bapa. Nne zangu kwanza. Halafu mbili zaidi, za kiwandani. Tukarefusha vishikizo vya springi ili ziwe na nafasi ya kushuka. Tukainua tena. Gurudumu lilipanda juu ya pipa, na mengine matatu yakabaki chini, yamelala ardhini kama ng'ombe waliopumzika.

Nilimwomba arudie. Nikapiga alama za chaki, nikapima. Nikamwomba arudie tena. Gari linalopanda mawe si lile gumu. Ni lile linaloacha kila mguu uende mahali pake. Miaka arobaini na tisa nimekuwa na hakika na jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Yako mangapi mengine?

Jumatano, 21 Februari

Leo diffu.

Hili limenikalia kichwani wiki nzima. Nyuma ya gari, katikati ya magurudumu mawili, kuna gia ndogo zinazogawa nguvu. Barabarani ni jambo jema. Kwenye kona gurudumu la nje huhitaji kukimbia kuliko la ndani. Lakini kwenye mawe, Chacha anasema, gia hizo hupeleka nguvu panapokuwa rahisi. Gurudumu lililo hewani, lisilo na kazi, hupewa zote. Lililokanyaga jiwe, lenye mzigo, halipewi kitu.

Nimeishi katika nchi hii maisha yangu yote. Sikuhitaji fundi kunieleza mpango huo.

Dawa yake ni ya kikatili. Tulifungua diffu ya nyuma, tukasafisha oili kwa petroli, Chacha akachomelea gia zile zikawa kitu kimoja. Sasa magurudumu ya nyuma yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Kwenye lami gari litalia kwenye kila kona, na matairi yataisha haraka. Nilimwuliza kama kuna njia ya kuzirudisha. Alitikisa kichwa. Sebule haitakuwa tena gari la harusi.

Chini ya injini tumefunga bamba la chuma lililotoka kwenye pipa bovu la kusagia. Pembeni, mabomba manene ya maji, ili gari likiegemea jiwe lisijeruhi milango.

Jumatatu, 26 Februari

Tumerudi kwenye lundo. Wachimbaji walewale. Chacha alitoa upepo matairini mpaka yakawa kama chapati. Nilipinga kwa sababu nilizoea kupinga, halafu nikamwacha amalize.

Gia ndogo, ya kwanza. Mguu mbali na mafuta. Injini ilikoroma taratibu, tairi likaligusa jiwe, likalikumbatia, likapanda. Mwendo wa mtu anayenyata. Hakuna aliyecheka. Yule wa mbwa na nguzo alikuja kuinama chini ya gari, akauliza maswali matatu ya maana sana.

Jioni, salamu kutoka kwa Okoth kupitia mtu wa Rangwe. Mawingu yamejaa upande wa ziwa. Jumamosi wanaume wanane watakuwa chini ya kilima na kitanda. Gari likishindwa, Mama atabebwa, akubali asikubali.

Sikumwambia Mama. Nilimkuta akipasha moto mkono wake mmoja kwa mwingine. Ana hofu. Sijawahi kuona hofu kwake.

Jumamosi, 2 Machi. Got Rateng'

Naandika haya nyumbani, kwenye stuli ya baba. Niandike kwa mpangilio.

Tulitoka Migori asubuhi, Mama mbele na kifurushi chake, Chacha nyuma amekalia jeki. Rongo, Rangwe, matairi yakilia kwenye kila kona mpaka watu wakageuka. Chini ya kilima, wanaume wanane. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa shuka jeupe. Mama alikitazama, akageuza uso.

Mpango wangu ulikuwa nipande kwanza gari likiwa tupu. Mama akakataa kushuka. Alisema akishuka pale na kitanda kiko pale, anajua atakavyopanda. Mawingu yalikuwa meusi upande wa ziwa. Chacha akasema kushuka ni kubaya kuliko kupanda, na jiwe likilowa hakuna safari ya pili. Basi.

Nusu ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko lundo la Masara. Okoth alitangulia mbele ya gari akinyoosha mikono, huku, kule. Sikumwangalia. Nilikuwa na daftari langu juu ya dashibodi, vipimo vyote, na kwa miaka mingi sijafuata alichosema Okoth.

Lak Liech. Okoth akaonyesha kulia, kwenye mwanya. Daftari langu lilisema kushoto. Upande huo jiwe ni fupi zaidi kwa upana wa kiganja. Nikaenda kushoto.

Kokoto zikateleza. Nyuma ya gari ikaserereka kuelekea bondeni, bomba la pembeni likagonga mwamba, na Sebule ikalala kiupande. Mama akasukumwa mpaka mlangoni, nyonga mbaya chini. Hakulia. Niliona midomo yake ikigeuka rangi. Wanaume wale wakashika gari kwa mikono. Mmoja aliangalia nyuma, kule kilikobaki kitanda.

Okoth alikuja dirishani kwangu. Nilingoja maneno. Nilikuwa na ya kujibu, nilishayapanga.

Mama ndiye aliyesema, polepole, kwa pumzi fupi:

"Wuoda, mwanangu, wewe umeyapima haya mawe. Huyu ameyakanyaga akiwa amembeba baba yenu."

Ni kweli. Siku ile Okoth alishika pembe ya mbele ya kitanda cha maiti. Mimi nilitembea nyuma na hotuba mfukoni.

Nilifunga daftari, nikalitupa nyuma kwa Chacha. Nikamwambia Okoth aende mbele.

Dereva haoni tairi lake. Hili halikuwa katika kitabu chochote nilichosoma. Boneti imefunika kila kitu. Unaona mawingu tu, na mikono ya mtu. Kiganja wazi: simama. Vidole viwili: kushoto kidogo. Ngumi: shikilia. Alinirudisha nyuma hatua tatu, kwa inchi, akanipeleka kulia. Mahali ambapo nilikuwa na hakika kwamba ni hewa, mkono ulisema njoo, nikaja, na palikuwa na jiwe. Kila mara palikuwa na jiwe. Chacha aliniambia baadaye hakuwahi kunisikia nikiwa kimya na alidhani nimezimia.

Gurudumu la mbele likapanda mwanya. La nyuma likaning'inia kidogo, na lile la pili, lenye mzigo, likaendelea kusukuma. Bamba la chini likakwaruza jiwe zima kwa sauti ya sufuria kubwa. Halafu mbele ikashuka, nikaona nyasi.

Getini Mama akanigusa mkono. "Simamisha."

Nikamwambia naweza kufika mpaka mlangoni. Akaniuliza ni nani mwenye nyumba. Mwenye nyumba huingia kwake kwa miguu.

Akateremka. Mkongojo, hatua, pumzi. Hatua. Mke wa Okoth alisogea kumshika, Mama akamtazama, naye akarudi nyuma. Tulisimama getini, wanaume kumi na mmoja, bila mmoja wetu kufanya lolote. Hatua ishirini na sita. Nilizihesabu. Alipogusa mlango aliugonga kidogo kwa kiganja, kama unavyomgonga mtu begani, akaingia.

Okoth alikuwa amekaa kwenye jiwe, anakanda mabega. Nikakaa karibu naye. Hatukuzozana.

Jumapili, 3 Machi. Chini ya Got Rateng'

Kumenyesha alfajiri. Mama alitolewa kiti mpaka ukingo wa shamba. Alisimama, akatoboa shimo kwa ncha ya mkongojo, akaangusha punje za mahindi, akafukia kwa mguu ulio mzima. Mashimo matatu. Akakaa.

Mke wa Okoth alikuwa amesimama na jembe tangu gizani. Alianza papo hapo, haraka, karibu akimbie.

Makala yangu ile siifuti. Hoja zake bado ni sahihi. Ila sikuwa nimewahi kuiona siku yenyewe.

Chacha amekagua gari. Springi moja imepasuka, na njia imelowa. Haliwezi kushuka mpaka kiangazi, pengine lisishuke kabisa. Tumelisukuma kando ya boma. Tumeteremka kwa miguu, yeye na mimi. Magoti yananiuma.

Jumapili, 10 Machi. Migori

Mvua tangu asubuhi. Hakuna barua niliyoandika wiki hii.

Mtu wa Rangwe ameleta salamu. Mama hukaa ndani ya Sebule mchana, kwenye kile kiti kimoja, mlango wazi, wageni wanamfuata pale. Kuku wameanza kutaga nyuma, penye jeki. Mahindi yametoa ncha.

Nimemwambia mke wangu gari limebaki kwa Mama. Alikuwa anajua. Viti vya nyuma vilivyotolewa Masara ameviweka ukutani, chini ya kalenda, juu ya matofali. Ameviwekea vitambaa alivyofuma mwenyewe, vyeupe, vyenye maua pembeni.

"Hivi havirudi popote," akasema, akaniletea chai.

Nimevikalia. Ni vizuri kuliko kochi. Mlangoni, pale kifurushi kilipokuwa, sakafu ina rangi tofauti kidogo.